Mgongo wa Kadi

Mawifi hatusifiani. Hilo lijulikane kabla sijaanza, msije mkasema nimelishwa maneno. Mwanamke ninayetaka kumsimulia ni mke wa kaka yangu. Kwa miaka ishirini na sita tumepika jiko moja, tumeazimana nguo, tumenuniana na kupatana, na sikumbuki hata siku moja nikimwambia usoni kwamba ameweza jambo. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilichukua tahadhari mapema. Lakini leo nitamsifu, na mwenye kutaka kununa anune.

Maktabani kwetu wasomaji wanamwita Bi Kadi. Mimi wananiita Gundi, kwa kuwa kazi yangu ni kushona na kugundisha vitabu vilivyochanika, kwenye chumba cha nyuma, mlango wa pili ukishapita choo. Wapo wanaosema jina limenifaa kwa sababu nikimshika mtu kwa maneno simwachii. Waseme, midomo ni yao. Nachotaka mjue ni kwamba mimi na wifi tunafanya kazi chini ya paa moja na jioni tunarudi ua mmoja, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Kazi yake ilikuwa kabati. Kabati la mbao lenye droo sitini, limesimama ukumbini mkabala na mlango, na ndani yake kila kitabu cha maktaba kina kadi yake. Mbele ya kadi, kwa wino, ameandika jina la kitabu, mwandishi na namba ya rafu. Hiyo ndiyo aliyoajiriwa kufanya. Lakini alikuwa na yake ya ziada. Msomaji akija na kuuliza kitu kwa maneno yake mwenyewe, wifi akishamtafutia na kumpa, anarudi kwenye droo, anaitoa ile kadi, anaigeuza, na mgongoni anaandika kwa penseli yale maneno aliyoulizwa, kama yalivyotoka kinywani mwa mtu. Mbele unasoma "Misingi ya Ufugaji wa Ndege". Mgongoni, "kuku wangu wamekufa wote siku moja". Mbele "Uandishi wa Barua Rasmi". Mgongoni, "namna ya kumwandikia mwenye nyumba bila kugombana". Mbele "Lishe na Magonjwa ya Muda Mrefu". Mgongoni, "nimeambiwa nina sukari, nile nini sasa". Hakuna mtu anayeingia maktaba akasema anataka misingi ya kitu. Watu wanakuja na shida zao. Wifi alilijua hilo, akaliandika miaka yote hiyo, na hakuna aliyemtuma.

Basi siku moja mkuu wa maktaba akatukusanya ukumbini. Mkuu wetu ni mtu mwema, ila anaogopa simu. Ya ofisi kuu ikilia, anasimama wima kabla hajaipokea. Akatuambia kabati litaondoka. Vitabu vyote vitaingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni, na msomaji ataweza kutafuta kitabu kwa simu yake akiwa amejilaza kwake. Kila mfanyakazi atafundishwa, kisha atapimwa. Nafasi ni mbili. Atakayeshindwa zote mbili atahamishiwa masjala ya ofisi kuu, kule chini ya ngazi, ambako mafaili yanalala na hakuna mtu wa nje anayekanyaga.

Wifi alikuwa amebakiza miaka minne astaafu. Jioni ile alikoroga uji mpaka ukaungua, yeye ambaye hajawahi kuunguza hata maji. Kaka yangu, ambaye tangu asubuhi mpaka anaingia kitandani hatoi maneno sita, alimtazama tu. Mimi nikamwambia asijitie presha, mshahara ni uleule hata huko masjala. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Siku nzima nisiulizwe swali na mtu?" akasema. "Wifi, mimi nitakufa kule."

Na ndipo nilipoelewa. Hakuogopa kompyuta, wala hakuogopa kuhama. Aliogopa kukaa mahali ambapo hakuna anayemhitaji kujua kitu.

Akaja Mwalimu. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye miwani, anayeongea haraka na hakai chini. Alipanga kompyuta tano juu ya meza ya magazeti na kutuketisha kwa zamu. Kibodi haikumsumbua wifi, maana ujanani alipiga taipureta, ila alikuwa anazigonga zile herufi mpaka meza inatikisika. Mwalimu akamwambia taratibu mama, hiyo kibodi haijakukosea. Kilichomwonyesha cha mtema kuni ni mausi. Aliisukuma kwenda kulia mpaka ikafika ukingoni mwa meza, mshale bado uko katikati ya skrini, basi akageuka kwa heshima zote akaomba apewe meza ndefu zaidi. Watu tulicheka, na yeye alicheka, siku hiyo ilikuwa bado raha.

Kipimo cha kwanza hakikuwa raha. Maswali kumi, saa mkononi mwa Mwalimu, na sisi wengine tumejipanga ukutani kutazama. Swali la kwanza: tafuta kitabu cha historia ya reli, useme kiko rafu gani. Wifi akashika mausi. Mshale ukamkimbilia juu, akaufuata. Ukamkimbilia chini, akaufuata. Mara nikamwona anainuka. Akapita kati ya rafu, akapinda kushoto, akarudi na kitabu mkononi, vumbi keshalifuta kwa kiganja, akakiweka mbele ya Mwalimu.

"Hiki hapa," akasema.

Mwalimu hakujua acheke au alie. Swali la pili, vilevile, akainuka tena. La tatu, Mwalimu akamwomba kwa upole asinyanyuke. Akatulia kitini, mikono imemtoka jasho, na yote yaliyobaki akayakosa. Sifuri kwa kumi. Mtu aliyetoa vitabu viwili kwa haraka kuliko kompyuta zote tano, sifuri.

Damu ikanichemka. Nikataka kumvaa Mwalimu pale pale nimuulize msomaji anataka kitabu au anataka skrini. Wifi akanishika mkono.

"Mwache," akaniambia chini chini. "Yule anayetafuta akiwa kwake, miguu yangu inamsaidia nini?"

Nikanywea. Mimi ningelia, au ningegombana, au vyote viwili. Yeye kesho yake alimwomba mlinzi amfungulie saa moja kabla ya wengine, na kila asubuhi alikaa peke yake na ile mausi. Wiki ya kwanza aliufundisha mkono wake tu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Wiki ya pili akaanza kuingiza kadi kwenye mfumo. Wiki ya tatu mshale ukawa unamtii, na mimi niliyekuwa napita na ndoo yangu ya gundi nilikuwa najifanya sioni.

Sasa sikilizeni kosa lilivyoingia, kwa sababu ni kosa ambalo wewe na mimi tusingelifanya. Lilitaka mtu aliyekaa na kadi maisha yake yote.

Alipokuwa anaingiza kadi, aliingiza upande wa mbele kama walivyofundishwa. Lakini mgongo ulimkera. Kabati likiondoka, migongo inakwenda wapi? Akamwendea Mwalimu, ambaye siku hiyo alikuwa anafungasha vitu vyake aende kwenye maktaba nyingine kwa wiki mbili. Akamuuliza migongo inaandikwa wapi. Mwalimu akauliza mgongo gani. Wifi akamgeuzia kadi tatu. Mwalimu akazisoma, akatabasamu, akatazama saa, akamjibu huku anafunga zipu ya begi kwamba aandike pale msomaji anapotafutia.

Pale msomaji anapotafutia! Wifi akalipima neno hilo. Kwenye daftari la mafunzo imeandikwa wazi kwamba msomaji huanza kutafuta kwa nafasi ya jina la kitabu. Basi akatii. Alichukua kadi zenye migongo iliyojaa zaidi, mia tatu na kumi na mbili, na kwenye nafasi ya jina la kitabu akaandika maneno ya msomaji. Jina lenyewe akalishusha chini, kwenye maelezo. Aliona ni jambo la busara, na kusema kweli mtu akinieleza taratibu na mimi naliona hivyo hivyo.

Mfumo ukafunguliwa kwa watu wote Jumatatu. Jumanne wiki iliyofuata, nikasikia vicheko ukumbini. Nikatoka na gundi vidoleni. Wafanyakazi wa mapokezi wamezunguka skrini moja, mmoja anasoma kwa sauti orodha ya vitabu vya maktaba yetu tukufu. "Mtoto hataki kulala na mimi kesho nina kazi", kimeandikwa na daktari fulani bingwa. "Kile chekundu cha hesabu alichosoma dada yangu akafaulu", toleo la tatu. "Mume wangu haongei", juzuu ya kwanza. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, mbavu sina. Niliposhusha mikono usoni nikamwona wifi amesimama karibu na kabati. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Alisukuma droo moja iliyokuwa wazi, akaifunga, akatoka nje.

Nimefanya mabaya mengi kwa ulimi huu, lakini siku ile sikuwa hata nimesema neno, nilicheka tu, na ndiyo siku niliyojiona sifai. Mcheka kilema hafi hakijamfika. Mimi niliyekuwa nacheka, kompyuta hata kuiwasha nilikuwa siwezi.

Simu ikalia ofisini. Mkuu akasimama. Ofisi kuu walikuwa wanauliza kama kuna mhuni amevamia mfumo.

Jumatano asubuhi kikao. Mkuu hakumfokea, nitamtendea haki, lakini aliyasema mbele ya watu wote. Majina yote yarekebishwe kabla ya Jumamosi mchana. Jumatatu Mwalimu anarudi kwa kipimo cha pili, na ofisa wa ofisi kuu atakuwepo. Barua ya uhamisho wa kwenda masjala, akasema huku anatazama meza, ameagizwa aiandae. Nikafungua mdomo. Wifi alikuwa ameketi kando yangu, akanifinya paja mpaka machozi yakanilenga.

"Nimesikia, mkuu," akasema. "Nitarekebisha."

Baada ya kikao nilikwenda kwenye chumba changu, nikashika sindano, nikaiweka, nikashika brashi, nikaiweka. Mwishowe nikatoka na toroli. Nikapita rafuni nikalijaza vitabu vya kwanza arobaini vya ile orodha, nikalisukuma mpaka mezani kwake, maana kwa kanuni ya kazi yetu jina la kitabu halinakiliwi kwenye maelezo wala kwenye kadi, ni lazima lisomwe upya kwenye kitabu chenyewe.

"Nilicheka," nikamwambia.

"Nilikuona."

"Ningekuwa mimi, ningekununia mwezi mzima."

"Sina mwezi," akasema. "Nina siku nne. Soma."

Nikasoma. Yeye anapiga, mimi nasoma, yeye anapiga. Nilikuwa nafungua kitabu, natamka jina, mwandishi, mwaka, naweka kando, nachukua kingine. Tulipofika kwenye "Mume wangu haongei", ambacho jina lake halisi lilikuwa "Mawasiliano Katika Familia", nikamuuliza huyu aliyeuliza hiki alikuwa nani. Akasema msomaji. Nikasema najua ni msomaji, msomaji yupi. Akaniambia niendelee, uso mkavu, na mimi nikimfikiria kaka yangu nikaona nisichimbe zaidi.

Kitu kimoja tu kilinikera. Kila alipofuta maneno ya msomaji ili arudishe jina, kwanza aliyanakili kwenye daftari lake, yote, neno kwa neno. Nikamwambia wifi, muda unakwenda, hayo yameshakutia aibu, yaache yaende zake. Akaniambia mtu aliyekuja hapa kuku wake wote wamekufa hakuwa anachekesha. Nikachukua kitabu kingine. Lakini Alhamisi mchana hata yeye aliona daftari linamla saa. Akachukua simu akampigia Mwalimu huko aliko.

"Mwanangu," akasema, "kadi ina mgongo. Huo mfumo wenu hauna mgongo?"

Sikusikia jibu, ila niliona uso wake. Baadaye aliniambia Mwalimu alimwelekeza ashuke chini kabisa ya ukurasa wa kitabu, apite kila kitu, abonyeze palipoandikwa "zaidi". Wifi akashuka, akabonyeza. Ikafunguka nafasi moja inayoitwa maneno ya kutafutia. Ukiandika humo, msomaji haoni, lakini mfumo unasoma na kumletea kitabu. Mwalimu alikuwa hajaifundisha kwa sababu kwenye maktaba zote alizopita hajaona mtu aliyewahi kuitumia. Kitabu baada ya kitabu tukafungua, nafasi ile ni tupu.

"Kumbe nao una mgongo," wifi akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka.

Nikwambie ukweli, pale nilimpenda. Si kwa kuwa ni mke wa kaka yangu, wala kwa kuwa tumezoeana. Nilimpenda kwa sababu alikuwa ameuliza swali ambalo hakuna fundi wala bingwa aliyelifikiria, na akaliuliza akiwa na siku mbili tu kabla ya kutupwa chini ya ngazi.

Themanini na kitu tulivyokuwa tumemaliza ilibidi tuvirudie vyote, kuyaingiza maneno mahali pake. Alivirudia. Ijumaa hakula mchana. Nilimlisha biskuti kama mtoto, mkono wangu unanuka gundi, na hakulalamika. Jumamosi, saa tano asubuhi, nikasoma jina la mwisho. Ukitazama orodha ilikuwa na heshima zake, misingi na uandishi na lishe, mkuu mwenyewe akaja akaipitia kwa kidole akashusha pumzi. Na nyuma ya kila jina, mahali pasipoonekana, yupo mtu na shida yake.

Jumatatu ikafika. Ofisa wa ofisi kuu alikuwa mwanamume mnene mpole, ameshika faili jipya. Mwalimu akatoa saa yake. Sisi ukutani kama kawaida, ila safari hii hakuna aliyecheka, na mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo kwa maneno ambayo sijayatumia tangu mama yangu alipolazwa. Swali la kwanza, wifi akashika mausi, mshale ukaenda moja kwa moja kama aliyetumwa dukani. La pili, la tatu. Hakuinuka. La sita alikosea, alibonyeza "rudi" badala ya "hifadhi", nikauma kidole. La saba akapata. La nane, la tisa.

La kumi, Mwalimu akasema, atahudumiwa msomaji wa kweli, yeyote atakayeingia. Akaingia mwashi, viatu vina saruji kavu, kofia mkononi. Akasema nyumba aliyoijenga mwenyewe, ukuta wa chumba cha watoto unatoka jasho na rangi inabanduka, na ameshindwa kujua amekosea wapi, na anaona aibu kuwauliza mafundi wenzake.

Ofisa akapenda kujaribu kwanza, kuona mfumo ulivyo rahisi. Akaketi akaandika "ujenzi". Vikamjia vitabu mia na arobaini. Mwashi akaitazama ile orodha, akaanza kuizungusha kofia yake, na mimi niliyekaa maktaba miaka mingi naijua ile kofia inavyozunguka mtu akikaribia kuondoka. Ofisa akaachia kiti. Wifi akaketi. Akaandika kama mtu alivyosema: ukuta unatoka jasho. Kikaja kitabu kimoja. "Kinga ya Majengo Dhidi ya Unyevu", rafu ya kumi na nne.

"Si wewe wa kwanza, baba," akamwambia. "Mwaka ule wa mvua kubwa alikuja mwenzako, naye alisema hivyo hivyo, unatoka jasho. Aliupata ufumbuzi, alirudi kunishukuru."

Mwashi akaenda rafuni mwenyewe. Alirudi amekikumbatia.

Mwalimu alikuwa bado hajaandika alama. Alivuta kiti, na yule ni mtu asiyekaa, akafungua mahali kwenye mfumo panapoonyesha watu wametafuta nini na wamepata nini. Tangu mfumo ufunguliwe, kati ya watu kumi waliotafuta, sita waliambiwa hakuna kilichopatikana. Isipokuwa kwenye vile vitabu mia tatu na kumi na mbili. Vile viliazimwa wiki zile mbili kuliko vitabu vingine vyote, na viliazimwa zaidi zile siku ambazo majina yake yalikuwa yale ya kuchekesha.

"Nimefunga mfumo huu maktaba tisa," Mwalimu akasema. "Kote watu wanatafuta, wanakosa, wanaondoka. Nilidhani hawajui kutafuta."

"Wanajua," wifi akamjibu. "Sisi ndio hatukuandika walivyosema."

Mwalimu akaandika tisa kwa kumi. Wifi akaomba aonyeshwe lile moja alilokosa, akaonyeshwa, akalirudia mara tatu mbele yao mpaka likakaa sawa. Barua ya masjala haikusainiwa. Ofisa aliliona mezani lile daftari la maneno, akauliza kama linaweza kupelekwa kwenye maktaba nyingine, wifi akasema daftari haliendi popote, kila maktaba ina watu wake, watume wafanyakazi wao waje wajifunze kusikiliza. Mkuu akakohoa kwa hofu. Ofisa akaandika kwenye faili kwamba watatumwa. Mwalimu naye, kwa kuwa safari zake zilikuwa zinambana, akamkabidhi wifi ile saa na makaratasi ya kipimo: wafanyakazi waliobaki hapa atawapima Bi Kadi.

Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwaka. Nikarudi chumbani kwangu nikalia vizuri, nikanawa uso, nikaendelea na kazi.

Miongoni mwa waliobaki nilikuwemo na mimi. Siku yangu ilikuwa Jumatano ya wiki mbili baadaye, na sitawaficha, niliamka nimetulia. Nimemsomea majina siku nne. Nimemlisha biskuti. Tunalala ua mmoja. Nani atanigusa?

Nikamkuta ameketi kwenye kiti cha Mwalimu, saa mezani, miwani puani. Akaniita Bi Gundi, kama watu tuliokutana asubuhi ile. Kufaulu ni sita. Mausi ilinitesa, sisemi ilinitesa vipi, lakini mpaka swali la tisa nilikuwa nimepata matano na limebaki moja. Akaingia bibi mmoja na mkoba wa mkeka, akasema anataka kitabu cha kumsomea mjukuu wake, ila kisiwe cha maneno makubwa, asije mtoto akagundua kwamba bibi naye ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Kitabu nikakipata, tena upesi. Kwenye maneno ya kutafutia, sehemu aliyoiongeza wifi kwenye swali la kumi, nikaandika, kwa mtindo wa ofisi, nikajiona msomi: "Vitabu rahisi kwa walezi wenye elimu ya awali."

Wifi akainama akasoma.

"Sivyo alivyosema," akasema.

"Maana si ileile, wifi?"

"Hapa hakuna wifi. Alisemaje?"

Nikarudia maneno ya bibi, yote, mpaka lile la mjukuu kugundua. Aliyasikiliza mpaka mwisho.

"Kesho atakuja bibi mwingine na maneno hayo hayo," akaniambia. "Kwa ulichoandika, hatapata kitu. Ataondoka."

Akachukua kalamu, akaweka mkasi wa kosa kwenye swali la kumi. Tano kwa kumi. Akanipa karatasi kwa mikono miwili, akaniambia nafasi ya pili ni baada ya wiki mbili, saa moja kabla ya kufungua nitamkuta mezani kama nataka kufundishwa, na kwamba anayefuata aingie.

Nikatoka. Mlinzi akaniuliza vipi, nikamwambia. Wa mapokezi nikawaambia kabla hawajaniuliza. Nikamwambia fundi viatu wa pale nje, nikamwambia mwenye duka, nikawaambia watu wawili ambao hata siwajui, kifua mbele, karatasi yangu mkononi: nimefeli, tena kwa haki, na aliyenifelisha ni wifi yangu.